Nyasi za Ngoro

Ulaya, Machi 1996

Dada Hildegardi,

Shikamoo. Kahawa imefika, maabara yote inanukia kijijini kwetu Ukata. Kumbe siku hizi wanunuzi binafsi wanawafuata hadi shambani!

Ngozi ninayowatengenezea walioungua imeanza kushika. Tunalaza nyuzi zikipishana, kama nyasi za ngoro tunazozipanga miraba shambani mlimani kabla ya kuzifukia kwa udongo. Nyama mpya ikiota, nyuzi zinaoza. Wenzangu walipiga makofi. Nilirudi chumbani, nikavisimulia viatu vyangu.

Unauliza nitakuja lini kulaza nyasi shambani kwa Mama. Mwombe jirani yetu Joakim. Azipange kama Baba alivyonifundisha, maana Mama haoni tena, atazipapasa.

Mama akimwita kwa jina langu, Joakim aitike.

Mdogo wako,
Isidori