Kikao cha Dharura Kuhusu Mkwe Aliyelala Chali Ndegeni

CHAMA CHA WANA ILESA (NIGERIA), PECKHAM, LONDON

Tarehe: Jumapili, 9 Machi 2025
Mahali: Ukumbi wa nyuma wa kanisa (wa mbele ulikuwa na watu wanaolipa)

Waliohudhuria: Mzee Gbolahan Adesuyi (Mwenyekiti), Bi. Titilayo Oguntuase (Katibu), Baba Fapohunda (Mlezi wa Chama) na mkewe, Mama Fapohunda, Ndg. Damilare Ajibade, mchumba wake, Bi. Morenike Fapohunda, na wanachama wengine waliosikia kutakuwa na wali wa jolofu.

Hakuwepo: Mweka Hazina, kwa udhuru wa mafua. Asubuhi Katibu alimwona sokoni akichagua ndizi, mzima wa afya.

KUMB. NA. 1/03: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa badala ya saa saba, akawashukuru wajumbe kwa kujali muda.

KUMB. NA. 2/03: MALALAMIKO YA BABA FAPOHUNDA
Baba Fapohunda alieleza kwamba mwezi uliopita alisafiri kwenda Lagos. Alipoingia ndegeni alimkuta Ndg. Damilare, anayetaka kumuoa Morenike, binti wa marehemu kaka yake, amejinyoosha kwenye daraja la biashara, blanketi hadi kidevuni. Kijana hakuinuka, wala hakulala kifudifudi kumwamkia mkubwa wake kama alivyofunzwa kwao. Alipunga mkono.

"Alinipungia kama bibi harusi garini," alisema Baba. Kwa hiyo Jumamosi hatapokea ujumbe wa posa. Wajumbe wote wanajua kwamba yeye ndiye mkuu wa ukoo, na asipokaa kwenye kiti chake siku hiyo, hakuna ndoa.

Mjumbe mmoja aliuliza kama kulala chali hakuhesabiwi hata nusu ya salamu. Mwenyekiti alimtaka anyamaze au atoke. Alinyamaza, kwa kuwa chakula kilikuwa bado.

KUMB. NA. 3/03: UTETEZI WA NDG. DAMILARE
Ndg. Damilare alisema njia ya ndegeni ilikuwa nyembamba. Baba alijibu kwamba njia hiyohiyo ilimtosha yeye pamoja na agbada yake, lile joho pana. Ndg. Damilare akasema basi ni uchovu, maana mtu aliyezoea kusafiri mbele akiguswa na kile kiti tu, usingizi huo. Ikumbukwe kuwa Ndg. Damilare amekisimulia chama hiki habari za kusafiri mbele katika kila kikao tangu mwaka juzi, aina za jibini zikiwemo.

Bi. Morenike aliomba nafasi. "Dami, nakupenda. Lakini ukitaja jibini tena, Jumamosi nitakwenda saluni, nipendeze, nirudi kwetu nikalale. Sema ukweli."

Ndg. Damilare alikiri kwamba kabla ya siku ile alikuwa hajawahi kukaa daraja hilo. Ofisi yake ilimkatia tiketi hiyo mara moja tu. Watu wakiwa bado wanaingia, alibonyeza kila kitufe alichokiona. Kiti kikalala, kikagoma kuinuka.

"Nikamwona Baba anakuja. Nikabonyeza, nikabonyeza, kiti kikaanza kunikanda mgongo. Miguu imekwama kwenye lile shimo la mbele la kuwekea miguu, na kumwita mhudumu naona aibu. Kilichobaki huru ni mkono."

Kwa muda hapa Katibu hakuweza kuandika kwa sababu ya kicheko, chake kikiwemo. Baba hakucheka.

KUMB. NA. 4/03: MENGINEYO
Mama Fapohunda alimwambia mumewe: "Baba Segun, kinachokuuma si salamu. Mtoto alikuona unapita kwenda nyuma." Alifafanua kwamba mumewe, ambaye chama kinaamini hukaa mbele kila safari, miaka yote hukaa karibu na choo, na anayemkanda magoti akirudi ni yeye.

Baba aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu alikuwa ameshayaandika.

Ndg. Damilare alisema kwa sauti ya chini: "Baba, sijamwambia mtu. Hata Morenike." Bi. Morenike alithibitisha kuwa ndiyo kwanza anasikia.

Hapo hakuna aliyecheka. Kijana alikuwa akiiona posa yake inaporomoka, na neno moja tu lingemnyamazisha mzee, naye hakulitoa. Katibu, ambaye hajawahi kumpenda kijana huyu, alibadili mawazo.

Ndg. Damilare aliondoka kitini, akalala kifudifudi mbele ya Baba, suti ya kijivu juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Baba alimgusa bega. Kisha akasema: "Inuka, mwanangu. Jumamosi mje mapema, mama yako hapa hapendi kupasha chakula."

Ndg. Damilare alipokuwa akijifuta, Baba alimwinamia na kumuuliza jambo sikioni. Katibu, aliyekaa karibu, anathibitisha kwamba swali lilikuwa: kile kinachokanda mgongo, ni kitufe kipi?

KUMB. NA. 5/03: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja jioni. Wali ulikuwa umepoa, lakini Baba alimpakulia mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe.

G. Adesuyi, Mwenyekiti: (sahihi) Nakubali yote isipokuwa ile saa ya kufungua.
T. Oguntuase, Katibu: (sahihi) Saa inabaki ilivyo.