Mti wa Namba Kumi na Moja

Kwaluguru, Handeni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekuruhusu kushuka shambani. Mpe baba shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ataiulizia. Sisi huku ni wazima, ila nimechoka, mama. Hata kalamu naiona nzito.

Usidhani ndoa ndiyo inayonichosha. Sharifu wangu ni mume ambaye ningemwomba Mungu tena na tena. Jua likiwaka hulowesha leso yake akaniwekea shingoni, na akitaja vipimo vya miti, mimi nasikia raha kama ananisifia. Kinachochosha ni kazi yake ya utafiti. Tangu asubuhi tunapanda na kushuka msituni. Yeye anapima mashina kwa utepe, mimi naandika daftarini, Mzee Mdoe, mwenyeji anayetuongoza, anatutangulia na panga. Jioni nabadilisha magazeti tuliyobania majani ya kukausha, yasiote ukungu. Mzee Mdoe hunitania kwamba mabibi harusi wenzangu wanapakwa hina, mimi napakwa utomvu.

Miti ya aina anayoifuatilia imebaki kumi na tisa tu katika msitu wote, na kila mmoja ameupigilia kibati cha namba. Ni kazi ya miaka minne, hata kabla hajanijua. Mwezi uliopita namba kumi na moja ulianza kupukutisha majani. Sharifu akasema ni ugonjwa wa mizizi, na ukienea hautabaki hata mmoja. Tukaanza kuikagua yote upya, kila siku. Alikonda. Mzee Mdoe akamwambia aache kuuguza mti kama mke mkubwa, mke mdogo ataona wivu. Sharifu hakucheka. Aliandika barua kwa wakubwa wake, akiomba ruhusa ya kuung'oa na kuuchoma, pamoja na miwili ya jirani.

Mama, haukuwa ugonjwa. Ni mimi. Uliponiambia kwenye simu nisikae miezi mitano ya ndoa bila mimba wala dawa ya uzazi, ukanitajia mti ambao jina lake ulinikataza kuliandika, nilijua ndio huohuo. Ulinionya kwamba upo mwingine unaofanana nao ambao ni sumu. Nikaogopa kukosea, nikachagua wenye kibati, kwa kuwa mume wangu alishauhakikisha. Nilichimba upande wa mashariki na wa magharibi kama ulivyonifundisha, nikakata mizizi, nikafukia, nikatandaza majani makavu juu. Ulikuwa mti mchanga. Mizizi yake mikubwa ilikuwa hiyo miwili tu.

Juzi nilimpeleka Sharifu pale, nikafukua kwa mikono yangu. Aliitazama mizizi, akaketi chini. Hakugomba, na heri angegomba. Baadaye akachukua daftari, akafuta neno ugonjwa, akaandika kwamba mizizi imekatwa. Nikamwambia aandike na jina langu. Akasema niandike mwenyewe. Nimeandika.

Barua ya kuchoma miti, aliyokuwa bado hajaituma, ameichana. Leo tumefanya kazi kutwa nzima, na maneno aliyonipa ni vipimo tu.

Dawa sikuinywa. Nakurudishia kwa mkono wa kaka Mustafa, anayepitia Segera kesho. Usinitumie nyingine, na wanawake wanaokujia usiwaelekeze msitu huu. Mtoto Mungu atanipa akipenda. Kwa sasa ninachotaka ni mume wangu azungumze nami.

Wasalimie wote hapo Magoma, na mdogo wangu Munira umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao,
Chausiku