Kiti cha mbele kwenye dansi

Musoma, Jumamosi, 1983

Bado nimekasirika. Nilivaa gauni langu la kanisani, nililolifua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni hakuna, nikaenda baa ya mjini kumsikiliza mdogo wangu Magesa akipiga gitaa kwenye bendi. Nilikaa mbele.

Mhudumu akaja. "Dada, mwanaume wako yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, kusikiliza muziki."

"Wanawake wa peke yao wanakaaga kule nyuma. Hapa kuna wageni."

Nikamwambia nimelipa kiingilio kama wao. Akavuta kiti kabla sijainuka vizuri, nikapepesuka. Wale wageni wakacheka. Mmoja akaniuliza bei yangu. Bei yangu, mimi!

Magesa aliona. Akaacha wimbo katikati, akashuka, akasimama karibu yangu.

"Huyu ni dada yangu. Asipokaa hapa, mimi sipigi."

Watu wakaanza kudai muziki. Mwenye baa akarudisha kiti mwenyewe, bila kuniangalia, bila hata pole.

Nilikaa mpaka mwisho, ila sikufurahia wimbo hata mmoja. Naogopa watamfukuza Magesa, na gitaa lenyewe ni la baa, hana lake. Lakini Jumamosi ijayo nitaenda tena, nikae palepale.