Ariza ya Mama Darajani

Vaughan, Toronto

Dada yangu Zehra,

Salaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tanga, wewe na wa nyumbani wote, na mguu wako umeacha kukusumbua. Sisi wazima. Ila nina jambo limenikaa kooni na siwezi kulisema kwa simu, maana kila nikikupigia Mama yuko ubavuni mwangu.

Asubuhi ya Nusu Shabani tulikwenda kutupa majini ariza zetu kwa Imamu wetu aliye ghaibu, kila mtu na haja yake kwenye karatasi, na karatasi ndani ya donge la unga. Nyinyi mna bahari. Sisi tuna mto Humber na daraja la zamani la waenda kwa miguu, chuma chake kimesukwa maua na majani pande zote mbili. Mji huu una haraka, lakini fundi wa daraja lile hakuwa nayo.

Magoti ya Mama yaligoma, akakaa kwenye benchi kabla ya daraja na kunipa donge lake.

"Tupa mbali, Sakina. Usitupe kama unamwaga makapi."

Nikatupa kwa nguvu zote. Likagonga maua ya chuma nje ya ukingo, likanasa, likapasuka. Kosa langu: kwa mazoea niliukanda ule unga kwa mafuta, kama wa chapati, haukushikana! Nikaivuta karatasi kwa mpini wa mwavuli, na ilikuwa imeshafunguka.

Ariza ya mtu haisomwi, najua. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nimesoma.

Mama hakuomba magoti. Ameandika: "Nirudishwe Tanga kwa Zehra. Sakina asijue, ataumia." Miaka saba yuko kwangu, Dada, na kila akiulizwa husema yuko peponi! Nilikasirika, nikakuonea wivu, halafu nikamhurumia mpaka machozi yakanitoka palepale. Nikaifunga upya kwa unga uliobaki, nikaitupa, ikaenda na maji.

"Imefika?" akaniuliza.

"Imefika, Mama."

Sasa nakuomba, mwite wewe. Mwambie nyumba imekuwa kubwa, unamhitaji. Akijua nimesoma atakataa kuondoka kwa ajili yangu, unamjua. Tiketi nitakata mimi, na nitajifanya nimeshangaa.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu wa ghorofani. Wanao nawabusu.

Ila ukiipata barua hii, Dada, usimpigie siku hiyohiyo. Niachie Mama Ijumaa mbili zaidi.

Mdogo wako,
Sakina