Moshi Chini ya Turubai

Shemeji Pazi,

Salamu sikuulizi, maana huko ulikolala hakuna wa kunirudishia. Nakuandikia kwa sababu sisi wanawake makaburini hatukwenda. Wanaume walikubeba, wakarudi na majembe yao, mimi nikabaki na maneno yangu kifuani. Na leo Zainabu wetu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Ni mimba yake ya kwanza, miguu imemvimba, mtoto amekaa vibaya, na mimi mama yake, pamoja na ukunga wangu wote, nimeona hapa nyumbani hataweza. Gari la kumpeleka hospitali Kisarawe ni lile lile lako. Basi niache niseme kabla halijapiga honi hapo nje.

Unakumbuka ulivyolipenda lile Landrova? Ulikataa kuoa, ukasema mke wa nini tena, huyu mmoja kwa kelele anatosha. Nikakujibu, huyo wako angalau haombi kanga kila sikukuu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lilikuwa kuukuu tangu siku wilaya ilipotukabidhi, limeshachoshwa na mashamba ya mkonge huko, lakini kwetu Vihingo ndilo lilikuwa miguu ya kila mgonjwa. Wewe kwenye usukani, mimi nyuma na mjamzito wangu.

Halafu mawe ya bondeni yakaling'oa bomba la moshi. Vipuri, tangu vijana warudi vita vya Uganda, vimekuwa vya kusikia tu kwa watu. Ukaenda kwa fundi Kisarawe, mkakikata kipande kilichooza, silensa mkaitupa, mkaacha kipande kifupi kinachoishia chini ya tumbo la gari, pale pale chini ya miguu yetu sisi wa nyuma. Uliporudi lilisikika kabla halijaonekana. "Bora lipige kelele, shemeji, kuliko litubwage njiani." Nikasema haya, tutaziba masikio.

Na desturi zetu unazijua. Mwanamke mwenye uchungu haonekani barabarani. Akishapanda tu, mama zake wanateremsha turubai, wanalikaza kamba kila upande, upepo usimpige na jicho la mpita njia lisimfikie. Ukiacha upenyo kidogo utasikia bibi wa watu anafoka, "Funga hapo! Mnamwanika mtoto wa mwenzenu kama dagaa?" Tukafunga. Nani angebisha sitara?

Gari likapata sifa. Wanawake walikuwa wanapanda wanalia, tukienda mwendo kidogo wananyamaza, wanasinzia vichwa mapajani mwangu. Wakasema gari la Pazi linabembeleza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikishuka kichwa kinanigonga, kichefuchefu kimenijaa, nikasingizia njaa na mashimo ya barabara. Na yule mtoto wa Hadija, unamkumbuka, aliyezaliwa hospitalini hakulia? Tulisema kazi ya Mungu haina makosa. Bado nasema hivyo. Lakini siku hizi nikikutana na Hadija kisimani nashindwa kumtazama usoni.

Kisha ikaja siku yako. Mvua ya mchana, uko peke yako, gari limezama kwenye tope la bonde. Betri ilikuwa mbovu, ukizima mpaka lisukumwe, na peke yako ungesukuma nini? Ukaacha injini inanguruma, ukapanda nyuma, ukajifungia turubai ukisubiri watu. Waliokukuta walisema injini bado inanguruma na wewe umejilaza ubavu, kiganja chini ya shavu. Midomo yako ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyetafuna tambuu, na wewe tambuu hukuwahi kula maishani mwako. Wakasema jini la bonde. Wengine wakasema moyo. "Kafa usingizini, heri yake," wakasema, na watu wakaitikia. Mimi lile neno usingizi halikunitoka kichwani, sikujua kwa nini.

Baada ya arobaini yako kijiji kikampa Salumu usukani. Kijana mzuri, mtaratibu, ila anaogopa wazee kuliko anavyoogopa korongo. Safari yangu ya kwanza naye tulimpeleka mke wa jirani. Mama yake alitupatia kuku wa kumpa nesi, tukamfunga miguu, tukamweka sakafuni, karibu na tundu lililoliwa na kutu pale juu ya bomba. Kuku yule alitutukana tangu tulipotoka. Kabla hatujafika nusu ya njia, kimya. Nikadhani amechoka. Nikamgusa, shingo ikaanguka upande. Kafa, na kisu hakikumgusa. Nikamtazama mgonjwa wangu, macho yanafumba, na midomo ile, Pazi! Midomo ile ile niliyosimuliwa.

Nilipiga yowe mpaka Salumu akalikimbiza gari kichakani. Kamba hazikufunguka, nikatoa kisu changu cha kukatia vitovu nikalichana turubai lote. Tulimshusha, akatapika, akahema, akafumbua macho akaniuliza tumefika? Nikakaa chini kwenye majani nikalia. Nilikulilia wewe upya, shemeji, kuliko siku ya msiba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa, na sisi tulikuwa tumejifunika nacho.

Nilipowaambia wazee kuwa ni moshi wa gari unaotuua chini ya turubai, walinitazama kama nimeingiwa na pepo. Mwenyekiti akasema kuku hufa kwa kideri kila siku, na mwanamke hawezi kupelekwa wazi kama gunia la mkaa. Nikamwambia gunia la mkaa hufika linakokwenda. Akakasirika, nami nikakasirika zaidi. Mwisho aliyeniokoa ni kaka yako, mume wangu yule asiyesema. Alisimama akasema, "Ndugu yangu hakuwa na ugonjwa wa moyo." Akakaa. Wakatuachia tulitengeneze.

Bomba tulilipata kwenye ile pampu ya kijiji iliyokufa, chuma kinene. Fundi wa Kisarawe akalichomelea, akalipitisha ubavuni hadi juu ya paa kama la trekta. Tundu la sakafu tukaliziba kwa bati. Sasa moshi unatoka juu, unakwenda zake. Na kwa sitara wanawake hukaa pembeni wameshika kanga, upepo unapita. Ungelitazama ungecheka, ungesema mkeo amevaa pembe.

Lakini jana nilisikia harufu. Kidogo tu, ile ya zamani. Nikainama nikaona pale palipochomelewa pameanza ufa, mwembamba kama unywele, na masizi yametapakaa kuuzunguka. Fundi hayupo, kaenda Mlandizi kwenye msiba. Gari jingine hakuna. Na leo asubuhi nimekuta mtu amelishona lile turubai, amelirudisha, amelikaza kamba kwa fundo kama lile lako. Salumu anaapa si yeye. Mama mkwe wa Zainabu anatazama pembeni. Lo! Nimeogopa, Pazi. Nilihisi kama wewe mwenyewe umerudi kulifunga.

Nimezikata kamba zote. Turubai nimelitia kwenye moto wa jikoni, linanuka mpaka kwa jirani, na mama mkwe ameniita mwendawazimu mbele ya watu. Aniite. Ufa nimeukandika udongo wa kichuguu na majivu, nikauviringisha kipande cha bati na waya. Utashika mpaka wapi, sijui. Ningekuwa na njia nyingine mwanangu asingelipanda.

Honi hiyo. Wanamtoa Zainabu, namsikia anaita mama. Kuku nimemfunga mwenyewe, nitamweka sakafuni mbele ya miguu yangu. Nakuahidi, shemeji yangu, sitamwondolea macho hadi Kisarawe. Akiinamisha kichwa tu, tunashuka, iwe porini, iwe kwenye tope lako la bondeni, na Zainabu atazaa mchana kweupe, waone watakaoona, ila atazaa analia, na mtoto alie.

Kwaheri, Pazi. Lala wewe. Leo humo garini halali mtu.

Shemeji yako,
Mama Zainabu