Gari la Kumpandisha Kogo Nyumbani

S.L.P. 63,
Chepseon.
Alhamisi, 16 Mei 2024

Mpendwa kaka Kim,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi na matope, nikitumaini u mzima na kwamba jua la Marsabit halijakukausha ukawa kama omena. Mgongo je? Yale maumivu ya kukaa kwenye lori kutwa yamepungua, au bado unajifanya kijana? Sisi tu wazima. Ryan ana mafua, lakini mafua yake ni ya kila msimu wa mvua, siyahesabu tena kama ugonjwa.

Nimekupigia simu tangu juzi na kila mara naambiwa hupatikani. Najua mkishavuka kupeleka chakula kule ndani mtandao unapotea. Bethwel wa basi amekubali kuifikisha barua hii hadi ofisini kwenu, ila itakukuta Jumamosi hii, siku ninayoiogopa, imeshapita. Nalijua hilo na bado naandika, maana nisipomwambia mtu haya nitapasuka.

Mvua ya mwaka huu haina adabu. Chai inachipua mpaka inatushinda kuchuma, na tukiichuma lori halifiki kituoni. Barabara yetu kutoka kwenye lami imekuwa uji. Basi simu ya Baba Ryan hailali. Lori la maziwa limekwama, daktari wa ng'ombe amekwama, pasta amekwama, Danson njoo na gari. Naye huacha chakula mezani akaenda.

Gari lenyewe ni lile lile kuukuu. Hujasahau Pasaka ulivyolala chini yake na bisibisi, ukaniita nichungulie. Uligonga chasisi, ule mfupa wa gari, kule nyuma, kutu ikaanguka kama magamba, na bisibisi ikazama mahali palipopaswa kuwa chuma kigumu. Ukanionyesha na ufa. Ukaniambia ile pete nyekundu anayofungia kamba ya kuvutia imechomelewa kwenye bampa tu, na bampa ni urembo. Pete ya kuvutia hushikwa kwa bolti hadi kwenye chasisi yenyewe, na chasisi nayo iwe nzima. Hata mimi nisiyejua kubadilisha gurudumu nilielewa. Lakini shemeji yako ulimwambia mbele ya wageni, kaka, tena ukicheka. Tangu siku hiyo nikitaja chasisi ananiuliza kama nimetumwa na wewe.

Sikukuambia lililotokea baadaye. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuwa akivuta lori la majani pale kituo cha kununulia chai. Kamba ikanyooka, pete ikang'oka, ikapita juu ya kitambaa cha kichwani cha Rebeccah na kuvunja nguzo ya banda. Rebeccah ni yule jirani anayechuma nasi. Aliketi papo hapo kwenye matope, kikapu mgongoni. Watu walipiga mayowe, kisha wakacheka kwa kuponea chupuchupu, na Baba Ryan akacheka kuliko wote. Kesho yake pete ilikuwa imechomelewa tena na kupakwa rangi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Mama yake jirani yetu Kipkorir, yule bibi tuliyemwita Kogo, yaani nyanya, kama wajukuu zake, amefariki.

Unajua Kogo ni nani kwetu. Ule mwaka mbaya, baada ya uchaguzi, nyumba za watu wa kabila letu zilipoanza kuchomwa, alituingiza jikoni kwake, mimi na Baba Ryan, na Ryan akiwa bado ananyonya. Akaketi mlangoni kwenye kigoda, akawaambia vijana kwamba humo hamna mtu, ni yeye na ndama wake. Tuliporudi shambani baada ya utulivu, watu hawakutufukuza, lakini hawakujua watuangalie vipi, wala sisi hatukujua. Gari hili ndilo lililoturudisha kwa watu. Mmoja alikwama, Baba Ryan akamvuta, akakataa kulipwa. Akaja mwingine. Leo hakuna anayetuita wageni. Ndiyo maana hajawahi kumwambia mtu hapana, na sidhani anajua neno hilo linatamkwaje.

Jana Kipkorir alikuja. Mazishi ni Jumamosi, na boma lao unalijua, liko juu kabisa.

"Danson," akasema, "hiyo gari ya mochari haiwezi panda huo mlima. Wewe ndio utaivuta ulete mama nyumbani."

Baba Ryan akajibu hata chai haijapoa. "Si huyo ni mama yangu pia? Nitakataa aje?"

Nilikuwa nimesimama pale na birika. Nilitaka kusema kitu, Mungu anajua. Nikasema, "Pole sana, Kipkorir," nikamwongezea chai.

Usidhani nimekaa tu. Nimeulizia trekta ya Nyang'au. Iko Kapsoit kwa fundi, imefunguliwa injini. Nimemwambia Baba Ryan jeneza libebwe mabegani. Akaniuliza, "Na wakimwangusha Kogo kwenye matope?" Nawe unajua mazishi ya huku, wanawake huimba wakitembea ubavuni mwa gari la maiti, karibu kabisa, wengine wameligusa. Rebeccah atakuwa hapo. Mimi nitakuwa hapo. Nani atawaambia waombolezaji wasimame mbali na kamba? Nimechoka, kaka. Kila mlango ninaogusa umefungwa.

Leo asubuhi nikienda kukamua, niliona miguu ya Baba Ryan imetokeza chini ya gari. Sikumwita. Alikuwa na ile bisibisi uliyoisahau. Nikamsikia akigonga polepole pale pale ulipogonga wewe, kisha akaacha. Alipotoka alikuwa na kutu usoni. Akaniona nimesimama na ndoo. Akajipangusa, akaniuliza, "Ile blanketi ya zamani iko wapi?"

Anajua, Kim. Kumbe siku ile alikusikiliza mpaka neno la mwisho, hata lile la kutupia blanketi juu ya kamba ili ikikatika isiruke. Mimi nilidhani ni ukaidi, na ukaidi wake nimeuzoea, ningeupigia kelele. Huyu anajua na atakwenda. Nami nimemtolea blanketi, nimelifua, nimelianika juu ya jiko, na kwa mvua hii sijui kama litakauka.

Nina ombi moja. Kama yamekwisha salama, mpigie shemeji yako umuulize habari za mazishi, na gari usilitaje. Kama hayakwisha salama, njoo. Njoo haraka, hata kama ni kwa lori la watu. Lakini usimwambie kwamba ulimwambia.

Nisalimie wifi Abigael na watoto, na Nicholas mnayepokezana naye usukani. Ryan anakusalimu kati ya chafya mbili. Mungu aliyemketisha Kogo mlangoni ule mwaka akulinde katika safari zako, na Jumamosi aketi na kwetu.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Mwihaki