Kijiti Ndani ya Uyoga wa Pasang

Kaka Idrisa,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na hapa Doha sina mwingine wa kumwambia hili.

Kiti chako cha ukarani hapa duka la dawa nimepewa mimi. Mizani, droo ya kioo, kibrashi cha kuondolea udongo, vyote ninavishika mimi sasa. Siku ya tatu baada ya kukuzika, mudiri, bosi wetu, alisema, "Wewe ndugu yake, khalas, kaa hapo." Jamaa zetu wa Tanga wakanipongeza. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Sikujua nakalia nini.

Unamjua Pasang, Mnepali anayelinda jengo la jirani. Kila akirudi kutoka likizo na mfuko wa uyoga wa kutuuzia ndani ya shati, kama amebeba mtoto mchanga, ulikuwa ukimpokea kwa kelele: "Baba Vidudu kaja!" Ni yeye aliyenieleza, maana wewe hukujali, kwamba uyoga ule humwingia kiwavi chini ya ardhi, humuua, kisha huchipua kichwani mwake theluji inapoyeyuka. Msimu ukifika, kijijini kwao shule hufungwa. Mama yake na dada zake hupanda mlima na kutambaa kwa magoti, wakitafuta ncha nyeusi inayochungulia kwenye nyasi. Wakipatacho ndicho kinachowalisha mwaka mzima. Wateja wetu hapa mtaa wa Al Sadd huununua kwa ajili ya kifua na nguvu, lakini wanautaka mzima, kiwavi na shina lake. Ukikatika, hakuna anayeutazama.

Wiki iliyopita mzee mmoja, mteja wetu wa zamani, aliuvunja mmoja palepale kaunta. Ndani kulikuwa na kijiti kimechomekwa kuunganisha vipande viwili. Mudiri alimwita Pasang na kumrushia vile vipande usoni. "Mwizi! Nyinyi watu wa milimani wote wezi!" Kisha akapigia simu maduka mengine ya dawa, moja baada ya jingine, Pasang akiwa amesimama anasikiliza. Sasa hakuna anayenunua kwake. Uyoga wa msimu huu bado umo ndani ya shati lake.

Hakubishana na mudiri. Alinigeukia mimi. "Karani, wewe unashika kila kimoja. Mimi nilileta vijiti?"

Nikaangalia mizani.

Walipoondoka niliokota vipande sakafuni, nikakinusa kile kijiti. Mswaki, Kaka. Mti uleule wa mswaki uliokuwa hautoki mdomoni mwako tangu alfajiri. Kwao Pasang ni theluji, mti huo wataupata wapi? Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukijifungia stoo na wembe na gundi, nami nikichungulia unanicheka: "Toka hapa, msomi. Nawafunga wagonjwa bandeji." Nilidhani unasafisha.

Nimeukagua uyoga uliobaki kwenye droo. Mwingi umeuunga wewe. Na sababu nimeiona: kiyoyozi kiko juu ya droo, kinaukausha mpaka unakatika ukiugusa tu. Ungesema, droo ingehamishwa. Lakini mudiri angekufokea kwanza. Basi, ni hilo tu! Uliogopa kufokewa. Mimi ni mwoga kama wewe, najua hasa ulivyojisikia, na ndiyo maana nashindwa kukuonea huruma.

Ijumaa nilimgusia Hamisi dereva, yule aliyekuosha. Alinikemea mbele ya watu. "Dogo, marehemu hasemwi. Yuko kaburini, atajitetea vipi?" Nilitaka kumuuliza, na Pasang aliye hai, mbona naye hapewi nafasi ya kujitetea? Nikamaliza chai, nikaondoka. Pasi yangu anayo mudiri. Bataka yangu, kitambulisho cha ukaazi, inakaribia kwisha na ni yeye wa kuihuisha. Atasema nilijua. Atasema ndugu wawili, wezi wawili.

Duka limefungwa kwa mapumziko ya mchana. Naandika kwenye kaunta yako. Mudiri atarudi baada ya sala ya alasiri, na nimemwomba Pasang awepo. Ule uyoga uliouunga nimeutenga kwenye sinia. Nitauvunja mmoja mmoja mbele ya mudiri, nimpe kila kijiti anuse, halafu nitataja jina lako. Nikikaa kimya leo, kesho nami nitaingia stoo na wembe.

Kwaheri, Kaka. Usidhani nimekutupa. Kaburini kwako nitakuja, na dua nitakuombea kila Ijumaa nikiwa hapa, na nyumbani nikifukuzwa. Ila nitakuombea baada ya kukutaja, si badala ya kukutaja.

Nasikia funguo mlangoni.

Mdogo wako,
Salimu